Mvua za kwanza na geti la kiwanda: kisa cha utoro wa msimu kwenye kiwanda cha zana za kilimo

Kisa hiki kimetoka kwenye kiwanda kimoja cha zana za kilimo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Jina la kiwanda, mji, miaka na vyeo vinavyoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Nakiandika kwa ajili ya maofisa rasilimali watu, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi na maforomani, kwa sababu naamini viwanda vingi vya mikoani vinaadhibu utoro ambao vyenyewe vimeusababisha bila kujua.

Usuli

Kiwanda kinatengeneza plau za kukokotwa na maksai, majembe ya palizi ya ng'ombe, mikokoteni na mashine za kupukuchua mahindi. Kina wafanyakazi wa kudumu wasiofika mia mbili, na kila msimu huongeza vibarua wanaolipwa kwa siku.

Ili kisa kieleweke, lazima kwanza uijue kalenda ya pale. Mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inakwenda hadi Aprili. Mahindi yanavunwa kuanzia Juni, kwa hiyo mashine za kupukuchua zinauzwa Juni hadi Agosti. Plau ina habari nyingine. Mkulima ananunua plau akishauza mahindi, na wengi hawauzi mapema: wanasubiri bei ipande, au wanasubiri Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ufungue vituo vya kununulia. Fedha ikishafika kwa mkulima ndipo wenye maduka ya zana wanapiga simu kiwandani, na simu hizo zinajaa kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Novemba. Basi kiwanda kinalemewa na kazi katika wiki zilezile ambazo kila fundi wake anawaza shamba.

Maana mafundi hawa ni wakulima pia. Wengi wamezaliwa vijiji vya jirani, na hata aliyehamia kutoka mbali ana eka moja au mbili za kukodi. Shamba lao si la ziada. Mshahara wa fundi wa kuchomelea unalipa kodi ya nyumba, nauli, mkopo wa SACCOS na sare za watoto mwezi Januari, lakini haumudu kununua unga wa mwaka mzima kwa bei ya dukani. Nyumba yenye magunia stoo inaishi kwa mshahara ule. Nyumba isiyo na magunia inaanza kukopa mwezi Februari. Hili kila mtu kiwandani alilijua, kuanzia mlinzi hadi mhasibu, ila halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya uongozi.

Maisha ya pamoja yalikuwa imara. Kulikuwa na mfuko wa kufa na kuzikana uliochangiwa kila mwezi na tawi la chama cha wafanyakazi lenye viongozi wanaoheshimika. Kantini walikula wote, bosi na kibarua, ugali na maharage kutoka sufuria moja. Msiba ukitokea, gari la kiwanda lilibeba wafiwa hadi kijijini bila malipo. Nayataja haya kwa sababu uongozi haukuwa wa watu wakatili, na kisa hiki kingepoteza maana kama kingesomwa hivyo.

Nyuma ya karakana palikuwa na eneo la upanuzi, eka kadhaa zisizotumika. Kwa miaka mingi meneja wa zamani aliwaruhusu wafanyakazi kulima humo, kwa mdomo tu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, robo eka au nusu, na upande wa bondeni kulikuwa na wanawake wa mtaa wa jirani waliopanda mboga na maharage. Fundi alifika saa kumi na moja alfajiri, akalima hadi saa moja na nusu, akanawa bombani, na saa mbili yuko kwenye mashine yake. Misimu miwili kabla ya matukio ninayoyaeleza, uongozi mpya ulijenga uzio na kuligeuza eneo lile kuwa yadi ya mabati, vyuma na plau zilizokamilika. Sababu ilikuwa nzuri: vyuma vilikuwa vinaibwa, na malori hayakuwa na pa kugeuzia. Wafanyakazi walipewa notisi ya kuvuna. Hakuna aliyelalamika kwa maandishi.

Mfululizo wa matukio

Mwanzoni mwa Oktoba uongozi ulibandika tangazo getini: hakuna likizo hadi Krismasi, na atakayekosekana kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano atafukuzwa. Msimu uliotangulia oda nyingi zilichelewa na wateja wakaenda kununua plau za kutoka nje, kwa hiyo hofu ilikuwa ya kweli. Kisheria tangazo halikuwa na kasoro kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, lakini inamwachia mwajiri kupanga lini zichukuliwe. Na Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinautaja utoro wa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu.

Wiki ya pili ya Novemba mvua kubwa ikanyesha, usiku wa Jumamosi. Jumatatu asubuhi theluthi ya kitengo cha kuchomelea haikufika. Jumanne wakapungua na wafua vyuma wanaochoma na kukamilisha ulimi wa plau, yaani chuma kinachokata udongo, na hao ndio wagumu kupatikana: ulimi unapashwa moto hadi rangi inayojulikana kwa jicho, kisha unachovywa kwenye mafuta, na anayekosea rangi anatoa chuma kinachovunjika kama kioo au kinacholika kwa msimu mmoja. Kazi hiyo huwezi kumpa kibarua wa jana.

Uongozi ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Uliwaandikia wasiofika barua za tuhuma, na ukawataka waliobaki wazibe pengo kwa ovataimu. Kwa wiki mbili waliobaki walifanya kazi hadi saa mbili usiku. Malipo ya mara moja na nusu yalitolewa kama sheria inavyotaka, hilo halikuwa na mgogoro. Ila kikomo cha saa 50 za ziada kwa kila wiki nne kilikaribia kwa kasi, na hakuna aliyekuwa akizijumlisha kwa mtu mmojammoja.

Wiki ya tatu tangu mvua hiyo, kijana wa kitengo cha rangi alihamishiwa kwenye presi ya kukata bati za ubao wa plau. Alielekezwa kwa nusu saa. Presi ile ina vitufe viwili, na haishuki mpaka vyote vibonyezwe kwa mikono miwili, ili mkono usibaki chini. Kitufe kimoja kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, kazi iende haraka. Saa moja kasoro jioni alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Kazi ilisimama. Kesho yake hata waliokuwepo hawakuwasha mashine. Walikaa chini ya mwembe wa kantini, kimya, bila mabango wala hotuba. Mwenyekiti wa tawi aliingia ofisini akasema watu hawatagoma, ila hawatagusa presi mpaka waambiwe nani alifunga ule mpira na kwa nini aliruhusiwa.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa meneja mwenyewe, na ulikuwa sahihi: ajali iliripotiwa siku ileile kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na taratibu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) zikaanza bila kusubiri uchunguzi umlaumu mtu. Wasaidizi wake walimshauri asubiri. Alikataa, akisema kijana yuko hospitali na mama yake yuko getini. Naamini jambo hilo moja ndilo lililofanya mazungumzo yaliyofuata yawezekane.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuendelea na kamati ya nidhamu kwa mafundi watatu waliokosekana siku nyingi zaidi, na hapa ndipo mambo yaliharibika. Fundi mmoja aliieleza kamati kwamba hakuwa mtoro. Alimwomba foromani wake, na foromani akamjibu, "Nenda kaka, ila mimi sijakuona." Foromani alipoitwa alikana. Wawili wakafukuzwa, mmoja akapewa onyo la mwisho.

Siku chache baadaye foromani yuleyule alimwendea ofisa rasilimali watu na kusema ukweli. Alikuwa amewaruhusu watu saba. Aliwapanga kwa zamu, wawili wawili, ili kitengo kisisimame, kama alivyofanya miaka yote. Mwaka huo zamu ilimshinda kwa sababu watu hawakurudi baada ya siku moja kama zamani. Walikaa siku nne, tano, sita.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua kisa. Kwa nini siku moja zimekuwa sita?

Jibu lilikuwa kwa mtunza mahudhurio, dada aliyekaa getini kwa zaidi ya miaka kumi. Kwenye kikao cha pamoja cha uongozi na tawi la chama alikuja na kaunta buku za miaka mitano, akazipanga mezani. Miaka ya kabla ya uzio, Novemba ilikuwa imejaa alama za kuchelewa: saa mbili na robo, saa mbili na nusu, watu wenye tope miguuni. Siku nzima za kukosekana zilikuwa chache. Baada ya uzio, kuchelewa kulikwisha kabisa na mahali pake pakaingia siku nzima nzima. Tena zilikuja kwa mawimbi mawili, la kwanza wakati wa kupanda na la pili wiki nne baadaye wakati wa palizi na mbolea ya kukuzia. Wimbi la pili uongozi ulikuwa ukilihesabu kama uvivu wa sikukuu.

Waliponyang'anywa vipande vya nyuma ya karakana, wafanyakazi walikwenda kukodi mashamba walikoyapata, na yalikuwa mbali, mengine umbali wa nauli mbili. Huwezi kulima huko alfajiri na kurudi saa mbili. Ukienda umekwenda kulala. Na anayelima eka moja kwa jembe la mkono, peke yake na mkewe, hamalizi kwa siku mbili. Mafundi wanaotengeneza plau walikuwa wakilima kwa jembe la mkono, kwa kuwa hawana maksai na kukodi maksai wiki ya mvua za kwanza ni kusubiri foleni.

Kikao kilipima njia kadhaa. Kubomoa uzio kulikataliwa upesi, kwani hata wafanyakazi walikubali kwamba wizi umepungua. Mhasibu alipinga wazo la kuunganisha plau zote kuanzia Agosti, kwa hoja ambayo ilikuwa na uzito: chuma kilichonunuliwa Agosti na kuuzwa Novemba ni fedha iliyolala miezi mitatu, na benki haisubiri. Mwishowe waliafikiana sehemu tu zitangulie, yaani boriti, mikono na ndimi, zichovywe mafuta zisishike kutu, na kazi ya kuunganisha na rangi ibaki Oktoba na Novemba. Ndimi zilitangulizwa kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazohitaji mafundi ambao pengo lao halizibiki.

Pili, waliamua kugawanya likizo. Kila fundi angeweza kutenga siku sita kati ya zile 28 kwa ajili ya kupanda na palizi, kwa zamu ya kitengo, na zamu ibandikwe ukutani Septemba kwa jina. Foromani aliyekana mbele ya kamati ndiye aliyepewa kazi ya kuipanga. Wengine waliona ametuzwa kwa uongo wake. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu zamu yake ya siri ndiyo iliyokuwa imekishikilia kiwanda miaka yote, na hakuna mwingine aliyejua nani ana shamba wapi.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, kiwanda kilikodi shamba moja kubwa la msimu kutoka kwa familia za kijiji kilicho karibu, mkataba ukashuhudiwa na mtendaji wa kijiji, na likagawanywa kwa wafanyakazi waliotaka. Kilikodi na jozi nne za maksai na kuzifunga plau mpya kutoka mstari wa uzalishaji. Upimaji rasmi wa zana za kilimo nchini ni kazi ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kule Arusha, lakini mtengenezaji bado anahitaji udongo wake wa kujaribia, na kiwanda hiki kilikuwa hakina tangu yadi ijengwe. Jozi ya maksai waliozoea ikamaliza eka kwa siku moja, mbili udongo ukiwa mzito. Wafanyakazi walichangia gharama kwa makato ya miezi mitatu, kila mmoja akiwa ameridhia kwa maandishi, kama sheria inavyodai kwa makato ya namna hiyo.

Matokeo

Msimu uliofuata siku zilizopotea Novemba hazikufika nusu ya zile za mwaka wa ajali. Oda za plau zilitoka kwa wakati isipokuwa za wiki ya mwisho. Wimbi la palizi lilipungua kidogo tu, kwa sababu wengi walimaliza siku zao sita kwenye kupanda.

Faida ambayo hakuna aliyeitarajia ilitoka shambani. Mfua vyuma mmoja alikuwa akilima kwa plau aliyoichoma mwenyewe, na kabla ya saa nne asubuhi nati ya ulimi ikalegea. Ikalegea tena baada ya kukazwa. Wateja walikuwa wamelalamika juu ya nati hiyo kwa miaka, na jibu la kiwanda siku zote lilikuwa kwamba mkulima haikazi vizuri. Wiki ileile tundu la boliti lilibadilishwa, likawa la pembe nne ili boliti isizunguke.

Kijana wa presi alilipwa fidia na WCF na kurudi kazini, stoo. Vitufe vya presi vilibadilishwa kwa aina isiyoweza kufungwa kwa mpira, na msimamizi akipewa mtu mpya anasaini kwamba amemfundisha. Kijana mwenyewe hataki stoo. Anataka kujifunza kuchomelea, na hadi sasa amejibiwa asubiri.

Kati ya wawili waliofukuzwa, mmoja alipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 zinazotakiwa. Foromani alikubali kusema ukweli mbele ya msuluhishi, na pande zikamalizana kwa malipo. Yule wa pili, mfua vyuma bora kuliko wote pale, hakulalamika popote. Amefungua karakana yake barabarani, anafua ndimi za plau za akiba, na wateja wa kiwanda wanakwenda kwake.

Uchambuzi

Kosa kubwa la uongozi halikuwa tangazo. Lilikuwa kutochunguza kwa nini utoro umebadilika sura. Kila takwimu iliyohitajika ilikuwa getini, kwenye kaunta buku, imeandikwa kwa mkono kila asubuhi. Ila ripoti iliyopanda juu kila mwezi ilikuwa na namba moja tu, asilimia ya waliokosekana. Namba hiyo haikuonyesha kwamba kuchelewa kumegeuka kutokuja, wala haikuwekwa pembeni ya siku mvua ilipoanza. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja kwenye viwanda vyetu, ningemwita mtunza mahudhurio kwenye kikao cha menejimenti mara nne kwa mwaka na kumwacha aongee.

Uzio ulipojengwa, ulijadiliwa kama suala la ulinzi na usafirishaji. Ofisi ya rasilimali watu haikuulizwa, kwa sababu ardhi si mambo ya watu. Hapo ndipo utoro ulipozaliwa. Na kimya cha wafanyakazi kilitafsiriwa kuwa ridhaa. Ruhusa ya kulima ilikuwa ya mdomo, na mtu aliyepewa kitu kwa mdomo haoni pa kusimamia anapokidai kwa maandishi. Anachukua jembe lake na kutafuta kwingine.

Tangazo nalo lilikuwa na athari moja ambayo ni lazima ielezwe sawasawa. Halikuzuia ruhusa, liliificha. Kabla yake foromani alimwambia mtunza mahudhurio, na kwenye kitabu ikaandikwa "ruhusa". Baada yake aliogopa, kitabu kikaandika "hayupo", na kamati ya nidhamu ikasoma kitabu hicho kama ushahidi wa uasi. Watu wawili walipoteza kazi kwa kumbukumbu iliyoharibiwa na tangazo lenyewe.

Kuhusu ajali, nimesikia ikisemwa kwamba watoro ndio walioisababisha. Sikubaliani kabisa. Watu kukosekana kulileta pengo. Aliyeamua pengo lizibwe na kijana wa rangi, baada ya wiki mbili za ovataimu, kwenye presi yenye kitufe kilichofungwa, hakuwa mtoro. Na ule mpira haukuanza msimu huo. Maforomani wawili walikiri kwamba ulikuwepo tangu mwaka uliotangulia, na kamati ya usalama ilipita pale kila robo mwaka ikikagua vizima moto.

Shamba la pamoja lilifanikiwa kwa sababu lilikuwa na faida kwa kiwanda chenyewe. Lingekuwa hisani lingekufa mhasibu wa kwanza atakapobana matumizi. Sasa mkuu wa uzalishaji analitaka kuliko hata tawi la chama. Nashauri anayeiga asiige shamba, bali atafute kwake ni wapi hitaji la mfanyakazi na hitaji la kazi vinakutana. Kiwanda cha mashine za kupukuchua pekee kingekuta jibu Juni, tena lingekuwa la namna nyingine.

Mapungufu mawili bado yapo. Vibarua hawamo kwenye mpango wa siku sita, kwa kuwa hawana likizo, na hawakupewa vipande shambani. Wao ndio wenye njaa zaidi Februari. Tawi la chama liliwatetea kwa maneno, ila lilipofika suala la kugawana eka, wanachama walijigawia kwanza.

La pili ni wale wanawake wa bondeni. Walipoteza bustani siku ileile na wafanyakazi, lakini kwa kuwa hawasaini getini, kutokuwepo kwao hakukuhesabiwa na kitabu chochote. Mwenyekiti wa mtaa aliwasilisha barua yao akiomba ukanda wa ndani ya uzio, upande wa mfereji, ambako malori hayafiki. Msimu mmoja umepita na barua haijajibiwa. Ijibiwe kabla ya Oktoba, kwa maandishi, na ofisi iliyojenga uzio.